Fundi wa Katumba aliyetutunzia sura zetu

ALIYEPIGA picha za harusi, ubatizo na misiba ya watu kwa zaidi ya miaka 30 amezikwa bila picha yake ya maana.

Mwezi uliopita nilivuka mpaka wa Mugina kwenda Manyovu, mkoani Kigoma, kumzika mzee ambaye sote tulizoea kumwita Fundi. Juu ya jeneza waliweka picha iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho chake. Ilikuwa na ukungu, sikio moja limekatwa, na uso umekuwa mweusi hata macho hayaonekani. Mama mmoja aliyesimama nyuma yangu, mfanyabiashara wa mawese kutoka Mabanda, alininong'oneza kwamba lau picha ile ingetoka mikononi mwa Fundi mwenyewe, angeichana na kumwita mteja airudie bure. Tulicheka pale pale msibani, na watu wakatugeukia.

Walikuja waombolezaji wa pande zote mbili. Wa Katumba walifika kwa basi, safari ya siku nzima. Wengine walitoka Nyanza-Lac, Rumonge na Mabanda, baadhi yao kwa pikipiki. Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba wengi walikuja na picha. Hakuna aliyewaagiza. Walizitoa kwenye Biblia, kwenye mikoba, kwenye mifuko ya nailoni iliyokunjwa mara nne, wakaanza kuonyeshana. Picha ndogo za mraba, nyeusi na nyeupe, za miaka ya 1970 na 1980, na bado weupe wake ulikuwa mweupe.

Mimi ni mwalimu. Lakini kabla ya kushika chaki nilishika kamera, na aliyenishikisha ni yeye. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika ukurasa huu nimweleze kwa wenzangu tuliorudi, na kwa wale wanaovuka mpaka kila siku ya soko. Nina sababu nyingine pia, nayo nitaifikia.

Kutoka ziwani hadi miombo

Fundi alizaliwa upande wa Nyanza-Lac, kando ya Ziwa Tanganyika. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji ambayo Warundi tunayaita Ikiza, alikuwa kijana wa miaka 17. Wengi wa wakimbizi wa mwaka ule waliishia katika makazi matatu ya magharibi mwa Tanzania: Ulyankulu mkoani Tabora, Katumba iliyofunguliwa mwaka 1973 karibu na Mpanda, na baadaye Mishamo. Yeye na dada yake mdogo walipangiwa Katumba, ambayo wakati huo ilikuwa pori la miombo na mbung'o. Watu walipewa kiwanja na jembe, wakaambiwa waanze.

Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali cha Mkuu wa Makazi. Fundi alipata kibali cha kupeleka karanga Tabora kwa treni, ile inayotoka Mpanda kupitia Kaliua, na huko akapata kibarua cha kufagia studio ya Mhindi mmoja. Kibali kikaongezwa mara mbili. Alifagia huku akitazama. Siku ya kuondoka, mwenye studio alimpa Yashica ya zamani, ile yenye lenzi mbili ambayo mpiga picha huinama na kutazama kwa juu, na ambayo shata yake ilikwama kila kulipokuwa na baridi.

Alipenda kusimulia kwamba hakuiomba kamera ile. Mimi nilidhani ukarimu wake ulianzia hapo, lakini dada yake alinirekebisha. Alisema kaka yake alikuwa hivyo tangu utotoni, na kwamba ndiyo sababu walivuka mpaka mwaka 1972 wakiwa na shati moja tu kati yao: la pili alikuwa amempa mtu njiani.

Salamu Maria 25

Studio yake ilikuwa nyumba ya udongo ya vyumba viwili. Cha mbele kilikuwa na pazia la buluu na kigoda. Cha nyuma kilikuwa chumba cha giza, na kila ufa alikuwa ameuziba kwa udongo wa kichuguu. Umeme haukuwapo.

Kijana wa leo anayepiga picha mia kwa simu kabla ya kunywa chai atashangaa, kwa hiyo nieleze kidogo. Kusafisha mkanda kulifanywa gizani kabisa, kwa kuushika ncha zake mbili na kuuchezesha juu na chini ndani ya bakuli la dawa. Fundi hakuwa na saa ya kuonekana gizani. Alihesabu kwa sala. Mkanda ulitaka Salamu Maria 25, na asubuhi za Juni na Julai, dawa inapokuwa baridi na kufanya kazi polepole, aliongeza tano. Mkewe, ambaye alikuwa Mpentekoste, hakuipenda hesabu hiyo, ingawa alikiri kwamba picha zilitoka.

Kuchapa picha kulikuwa na nafuu. Karatasi ile haidhuriwi na mwanga mwekundu, kwa hiyo aliwasha taa ya chemli iliyofungwa kitambaa chekundu. Ukutani alikuwa ametoboa tundu lenye kibao cha kufunikia. Aliweka negativu juu ya karatasi, akalaza kioo juu yake, akafungua kibao. Jua likaingia. Moja, mbili, akafunga. Siku ya mawingu alihesabu hadi sita. Ndiyo maana picha zake za zamani ni vipande vya mraba vya sentimita sita kwa sita: huo ni ukubwa wa negativu yenyewe.

Kilichomtofautisha na wapiga picha wengine wa makazi kilikuwa maji. Picha ikitoka kwenye dawa ya mwisho ni lazima ioshwe sana. Isipooshwa, dawa inayobaki huila taratibu, na baada ya miaka inakuwa ya njano, kisha inafifia. Mteja hawezi kuliona kosa hilo siku anapolipa. Fundi aliosha picha zake nusu saa nzima, ndoo baada ya ndoo, na maji hayo yalitoka kisimani yakiwa kichwani mwa mkewe, na baadaye kichwani mwangu. Siku moja nililalamika kwamba wenzake hawafanyi hivyo na wanauza vilevile. Alinijibu kwamba picha ya mkimbizi haipigwi kwa ajili ya mwaka huu.

Mkanda mmoja ulikuwa na picha 12, na dawa ilikuwa ghali, kwa hiyo kila mpiga picha alingoja mkanda ujae kabla ya kuusafisha. Kungoja kungeweza kuchukua wiki tatu. Lakini mtu akija na mtoto mgonjwa sana, au akiwa amefiwa na anataka picha ya marehemu kabla ya mazishi, Fundi alipiga, akaingia gizani papo hapo akausafisha mkanda ukiwa na picha mbili au tatu tu. Zilizobaki zilipotea. Sikuwahi kumwona akimdai mfiwa gharama ya zile tisa.

Pesa ilikuwapo msimu wa malipo ya tumbaku. Miezi mingine alipiga kwa mkopo, na hapo ndipo tatizo lilipokuwa, kwa sababu hakuandika madeni. Aliandika kila kitu kingine: jina la baba wa familia, kijiji, mwezi na mwaka, juu ya bahasha ya kaki yenye negativu zao. Deni tu ndilo hakuandika. Mkewe alikuwa na daftari lake la siri na alikwenda kudai yeye mwenyewe, akisema mumewe amemtuma. Bila daftari lile, nina hakika watoto wake wasingesoma. Watu wanaomsifu Fundi kwa ukarimu wake, nami nikiwamo, humsahau mama huyo aliyebeba maji na kubeba aibu ya kudai.

Binti katika chumba cha giza

Niliingia katika studio ile mwaka 1993, nikiwa darasa la sita. Mwaka huo tulikuwa na haraka ya kupiga picha. Juni, Burundi ilikuwa imefanya uchaguzi na Melchior Ndadaye akashinda urais, na katika Katumba watu walianza kufunga mizigo. Baba yangu alitaka picha ya familia ya kuwatangulizia ndugu wa Nyanza-Lac, ili watujue tutakapofika. Tulipigwa Agosti, sote saba, baba amekaa kwenye kigoda kile na mkono wake wa kushoto, ule wenye vidole vinne, ameuweka juu ya goti bila kuuficha.

Oktoba 21 Ndadaye aliuawa, na badala ya sisi kurudi, wakimbizi wapya wakamiminika Kigoma na Kagera. Baba alifungua mizigo. Picha haikutumwa.

Nilikuwa nimetumwa kuifuata picha hiyo, nikabaki mlangoni nikiuliza maswali. Fundi akamwambia mama kwamba anahitaji msaidizi. Mama hakupenda binti aingie kwenye chumba cha giza na mwanamume, na alisema hivyo wazi. Fundi hakukasirika. Alimwambia mkewe awe anakaa humo ndani kila ninapoingia, na mama yule akakaa, akishona, gizani, akijichoma sindano na kunilaumu mimi.

Haikuchukua muda ikaonekana kwamba binti ana faida yake. Kuna chumba ambacho mwanamume haingii: anapovalishwa bibi harusi, anapolala mzazi na mtoto wa siku tatu. Wanawake walianza kuniita mimi. Fundi alinipa Yashica yake kila Jumamosi ya harusi, naye akabaki nyumbani bila kazi. Alinikata bei ya mkanda tu. Ada yangu ya sekondari, kidato cha kwanza hadi cha nne, ilitokana na Jumamosi zile.

Hakuwa mwalimu mpole, nisimfanye malaika. Picha iliyotikisika aliiweka mezani bila kusema neno na kuiacha hapo hadi uione mwenyewe. Aliyemcheka mtu kwa sura yake katika picha alifukuzwa studio, hata kama ni mteja.

Kituo cha treni

Mwaka 2008 ndio tuliogawanyika. Serikali za Tanzania na Burundi pamoja na UNHCR zilikuwa zimekubaliana kwamba wakimbizi wa 1972 wachague: kurudi au kuomba uraia wa Tanzania. Takriban wanne kati ya kila watano walichagua kubaki. Zaidi ya 160,000 walikubaliwa uraia mwaka 2010, ingawa vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Baba yangu alikuwa amefariki mwaka 1999. Mama alisema anataka kufia mahali palipo na ziwa, nami nikafuatana naye. Fundi alichagua kubaki.

Wiki ya kuondoka kwetu alihamishia kazi yake kituo cha treni cha Katumba. Alileta masanduku yake ya bati, yale aliyoyawekea mchele mkavu ndani ya vifuko ili unyevu usilete ukungu, akakaa chini ya mwembe. Kila familia iliyokuwa kwenye orodha ya treni ilipofika, aliuliza jina la baba na kijiji, akatafuta bahasha, akawapa negativu zao zote. Hakutoza kitu. Mpiga picha anayetoa negativu anatoa duka lake, kwa sababu mteja hatakuwa na haja ya kurudi kwake kuchapishiwa nakala. Wapiga picha wawili wa makazi walikuja kumwambia kwamba anawaharibia. Walikuwa na haki ya kulalamika. Aliwasikiliza, akawapa kivuli, akaendelea.

Wengine walizipokea bila kujua ni za nini. Mtoto mmoja alikuwa akitazamia jua kupitia mkanda wa harusi ya wazazi wake. Fundi alimwonyesha jinsi ya kuushika pembeni, asiache alama za vidole.

Ya kwetu aliniwekea mfukoni mwenyewe.

Mkono wenye vidole vinne

Wasomaji waliorudi wanajua tulichokikuta. Shamba la babu lenye michikichi lilikuwa na familia nyingine iliyolima pale tangu miaka ya 1970, nao hawakuwa wamelipora usiku; waligawiwa. Kesi yetu ilipelekwa kwa tume ya ardhi, ile ya CNTB iliyoundwa mwaka 2006. Tatizo letu la kwanza lilikuwa kubwa kuliko shamba. Hakuna aliyetujua. Mama alikuwa wa kilima kingine, na mimi nilizaliwa Katumba, nikiongea Kirundi cha Kiswahili na bila Kifaransa hata kidogo. Mtu angeweza kusema sisi ni watu wowote.

Nilikuwa nimekwenda Kigoma kuchapisha ile negativu ya Agosti 1993. Tulimpelekea mzee mmoja wa kilima ambaye hakuwahi kukimbia na ambaye wote walimheshimu. Macho yake yalikuwa mabovu. Aliisogeza picha hadi puani, akapita sura zote bila kusema, akafika kwenye goti la baba. Akauliza ni nani aliyemwambia mtu huyu auweke mkono hivi. Kisha akatusimulia jinsi kidole kile kilivyokatwa na shoka wakati wakipasua kuni, wote wawili wakiwa wavulana, na jinsi yeye ndiye aliyekuwa ameshika shoka.

Mzee huyo alisimama shahidi. Shamba tuligawana nusu kwa nusu na familia tuliyoikuta, kama ilivyokuwa kawaida ya miaka ile. Wapo waliosema tulipunjwa. Mama alisema inatosha kaburi na michikichi, na akaishi pale hadi mwaka 2019.

Mara nyingi nimejiuliza kuhusu mkono ule. Mpiga picha wa kawaida angemwambia baba aufiche. Nilipomuuliza Fundi miaka mingi baadaye, hakukumbuka. Alisema pengine alimwambia akae anavyokaa.

Mshindani anayeleta sinia

Nilipata kazi ya ualimu katika tarafa ya Mabanda, si mbali na Mugina. Burundi ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007 na Kiswahili kilikuwa kimeanza kupata nafasi shuleni, kwa hiyo hatimaye kile nilichosoma uhamishoni kikawa na soko. Mshahara ulikuwa mdogo. Mwaka 2012 nilinunua kamera ndogo ya dijitali na printa, nikafungua kibanda cha picha za pasipoti na vitambulisho karibu na njia ya mpakani. Wakati huo Fundi alikuwa amehamia Manyovu kwa binti yake aliyeolewa huko, naye alikuwa akipiga picha zilezile kwa wafanyabiashara walewale, upande wa pili.

Nilijua. Sitasema sikujua. Bei yangu ilikuwa chini kidogo ya yake, na siku za soko foleni ilikuwa kwangu.

Siku moja ya soko nikamwona anakuja, amevaa koti lake, ameshika kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Nilijiandaa kwa maneno. Alinisalimia, akauliza habari za mama, akakaa akatazama nikipiga wateja wanne. Kisha akatoa picha tatu mfukoni. Zilikuwa kazi yangu mimi, zilizokataliwa dirishani kwa maofisa, na wenyewe walikuwa wamekwenda kwake kuzirudia. Nyuso zilikuwa giza tupu.

Aliniambia hivi: binti yangu, ukuta wako mweupe unaidanganya kamera. Mtu mweusi akiwa mbele ya shuka jeupe, kamera inaona weupe mwingi, inadhani jua limezidi, inapunguza mwanga, na anayepunguziwa ni mtu. Akafungua gazeti. Ndani yake kulikuwa na sinia la aluminiamu, lile la kupepetea mchele. Akamwambia mteja wa tano aliweke mapajani, liangalie juu. Mwanga wa mlangoni ukagonga sinia, ukapanda usoni, chini ya kidevu na ndani ya macho. Nikapiga. Nilimwona mtu.

Aliniachia sinia. Alipokuwa akiondoka nilijaribu kuomba radhi kuhusu bei. Alisema wateja ni wengi kuliko siku za soko, na kwamba anachotaka ni watu wasirudishwe mpakani kwa sababu ya picha. Mama wa dagaa akirudishwa, mzigo unaoza. Tangu siku hiyo, mwenye haraka upande wake akikuta foleni alimwelekeza kwangu, na mimi nikapandisha bei ikalingana na yake.

Mei ya 2015

Mwaka 2015, machafuko yalipoanza Bujumbura, watu walivuka tena. Maelfu walikwama Kagunga, kijiji cha ziwani, hadi meli ya Liemba ilipokuwa ikiwachukua kuwapeleka Kigoma. Wengine walipitia Manyovu. Mimi nilibaki na darasa langu, lakini wanangu wawili niliwavusha. Walikaa kwa Fundi miezi saba, wakala chakula chake, na mkubwa wao akarudi akijua kuendesha Yashica.

Wapiga picha wengi walikuja kipindi hicho, na picha zao zilisaidia dunia ijue. Fundi aliiweka kamera kabatini. Alikuwa na paneli ndogo ya sola. Akawa anachaji simu za wanaofika, bure, kuanzia alfajiri. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakupiga hata moja. Alisema mtu anayekimbia hajapanga uso wake. Sikubaliani naye kabisa, na tulibishana. Kama mtu angetupiga picha mwaka 1972, leo tungekuwa na kitu cha kuwaonyesha watoto. Alikubali kwamba hilo ni kweli, lakini hakubadili mawazo.

Masanduku matatu

Tulipoanua matanga, binti yake aliniita chumbani. Chini ya kitanda kulikuwa na masanduku matatu ya bati. Ni bahasha ambazo hazikupata wenyewe: familia zilizoondoka kimya kimya, zilizohamia Mishamo, zilizorudi Burundi kabla ya 2008, au zilizokosa treni ile. Za kwanza ni za mwaka 1976, za mwisho za 2009, alipoacha mikanda. Mchele ndani ya vifuko ulikuwa mpya. Alikuwa akiubadilisha hadi mwaka wake wa mwisho.

Binti alisema baba yake aliacha neno kwamba masanduku yapelekwe kwa mwalimu. Nimeyavusha kwa pikipiki, safari tatu. Ofisa wa forodha alitaka kujua thamani ya mzigo, na sikuwa na la kumjibu. Alishika mkanda mmoja akautazamia dirishani, akaona maharusi weupe wenye nguo nyeusi na nyuso nyeupe, akacheka, akaniruhusu.

Sina chumba cha giza, na dawa haipatikani. Lakini nimegundua njia, na ninaiandika hapa kwa faida ya mwenye negativu nyumbani. Washa simu moja iwe na kioo cheupe kitupu, mwanga hadi mwisho. Tandaza juu yake karatasi nyembamba nyeupe, uweke negativu. Piga picha kwa simu nyingine kwa karibu, mkono usitikisike, kisha tumia sehemu ya kugeuza rangi. Nyeusi inakuwa nyeupe, na mtu anatokea. Shika mkanda pembeni, na usiufute kwa nguo.

Kwa hiyo, msomaji, kama wewe au wazazi wako mlipigwa picha Katumba katika miaka hiyo, uliza jina la baba na kijiji. Ndivyo bahasha zilivyopangwa. Siku za soko ninakaa kibandani Mugina baada ya vipindi, na sanduku moja huwa ninalo. Sitozi.

Soko lililopita alikuja mama wa makamo anayeuza dagaa, hakuja kwa picha bali kukopa kalamu. Nilimuuliza baba yake alikuwa nani. Bahasha ilikuwa ya mwaka 1986, na ndani yake negativu moja tu: msichana wa miaka kumi hivi mbele ya pazia, kashika kitabu kichwa chini miguu juu. Nikaigeuza kwenye simu. Mama yule alitazama muda mrefu, akasema huyu si mimi, ni mdogo wangu, na hakusema zaidi. Akaomba nimtumie. Simu yake haikuwa na nafasi. Tukakaa kwenye benchi, dagaa wakiwa juani, tukafuta video za kwaya moja baada ya nyingine hadi picha ikaingia.